Kopo la Vidonge la Wodi ya Nne

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Hospitali,
Daktari Mkuu wa hospitali yetu,
Madaktari, wauguzi, wahudumu na watu wa maabara,
Wagonjwa mliosukumwa nje kwenye viti vyenu vya magurudumu mpate jua kidogo,
Ndugu, jamaa na marafiki:
Salamu kwenu nyote.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana. Tumefurahi na hatutaki kuficha furaha yetu. Umekuja kukata utepe wa chumba ambacho mpaka juzi kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Leo kina meza, kina friji, na kina kabati la joto ambamo mkojo wa mgonjwa huwekwa kwenye sahani ndogo, vijidudu vikaota, kisha ikajulikana dawa gani inaviua na dawa gani vinaichekea. Kwa macho ya mpita njia ni chumba kidogo. Kwetu sisi ni kikubwa kuliko hospitali nzima.

Watu wa itifaki walitushauri kwamba ombi hukaa mwishoni mwa risala. Sisi tumelazwa, tumeona wageni wengi, na tunajua mgeni anavyoitwa kwenye simu katikati ya hotuba. Kwa hiyo tunalisema sasa hivi, na mwishoni tutalirudia. Mtaalamu wa maabara uliyekuja naye garini asubuhi hii, ambaye tumeambiwa ataondoka nawe jioni, tunaomba abaki. Yanayofuata yote ni sababu.

Jambo lingine ni kuhusu msomaji. Risala hii imeandikwa na kamati, lakini anayeisoma ni mke wa Fundi Makochi, ambaye sote tunamwita Mama Pacha. Amechaguliwa kwa sababu sauti yake inafika getini bila kipaza sauti. Sehemu kubwa ya risala inamhusu yeye mwenyewe, na alipoipitia jana alishika kalamu akataka kufuta karibu yote. Tumekubaliana aisome kama ilivyo. Katibu amekaa pembeni yake na nakala ya pili, akiruka mstari atasikia kikohozi.

SISI NI NANI

Sisi ni watu tuliowahi kulazwa Wodi ya Nne, pamoja na wake, kaka, dada na watoto waliotuuguza. Wodi ya Nne ni ya wanaume, na wengi wetu tulifikishwa pale na jambo ambalo mwanamume halisemi mbele ya wakwe zake: mkojo ulikuwa umegoma. Tezi dume ikivimba inabana njia. Mtu anasimama chooni mpaka anasahau alichoendea, na nje familia inagonga mlango ikidhani kalala.

Ukifika unawekewa mpira wa mkojo, na mfuko wake unaning'inia ubavuni mwa kitanda. Mheshimiwa, raha ya dakika ile haina mfano. Wapo kati yetu waliotaka kumkumbatia nesi aliyewawekea, wakazuiwa. Lakini mpira huo huo, ukikaa nao wiki baada ya wiki ukingojea zamu yako ya upasuaji, unageuka mlango wa vijidudu. Mkojo unakuwa mzito na kunuka, mgongo unauma, mwili unatetemeka. Madaktari wanasema ni maambukizi ya njia ya mkojo. Sisi tunasema yutiai, na tunaisema kwa sauti ya chini.

Fundi Makochi aliingia kwa mlango huo wa kawaida. Ni fundi wa makochi kweli, si jina la utani tu. Nusu ya watu waliopo hapa wamekalia kazi yake. Siku aliyolazwa alibonyeza godoro la wodi kwa kiganja, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Hili limefariki zamani. Mnalalia marehemu." Wodi nzima ilicheka mpaka mishono ikauma. Akapewa kitanda cha dirishani, na mkewe akapata kiti cha pembeni yake. Kwa pamoja wawili hao wakawa kama wenye nyumba.

Mama Pacha hushona foronya na kubandika vifungo kwenye kazi za mumewe. Ni mtu wa mpangilio. Kwake hakuna kifungo kinacholala na kifungo cha rangi nyingine. Tunamwomba mgeni rasmi aliweke hilo kichwani, maana ndilo lililotuponza.

KOPO

Kitanda cha dirishani kina kabati dogo la chuma, na ndani ya kabati hilo lilikuwamo kopo la maziwa ya unga. Hakuna ajuaye nani alilianzisha. Tulilikuta, kama mtu anavyokuta ukuta wa nyumba ya wazazi wake. Desturi ilikuwa hivi: kila aliyeruhusiwa kurudi nyumbani aliacha sabuni yake, kandambili zake, na vidonge alivyobakiza. Vidonge viliingia koponi. Anayeondoka anasema, "Nawaachia baraka," na tuliobaki tunaitikia kwa makofi.

Ukiona mkojo unakuunguza, au baridi imekuingia mifupani, humsumbui Sista, ambaye yuko peke yake na wodi imejaa. Unaita, "Kopo!" Linakujia kwa mkono, kitanda kwa kitanda. Unachukua kimoja, viwili, unameza na uji. Ukisikia nafuu unaacha, ili kibaki cha mwenzako. Tulikuwa tunajiona watu wema sana, Mheshimiwa. Na tulikuwa wema. Tatizo halikuwa roho.

Kopo lilipofika mikononi mwa Mama Pacha, lilipata mwenyewe. Alimwaga vidonge vyote juu ya kanga, akavipanga kama vifungo: vyeupe huku, vya njano kule, vile vya rangi mbili peke yake. Akavitia kwenye viberiti vitupu, kila rangi na kiberiti chake. Majina ya dawa hakuyajua, na wala hakuyahitaji. Alijua kwamba rangi mbili ilimsaidia mwalimu wa kitanda cha tatu, na nyeupe kubwa ilimtoa jasho mchinja kuku. Watu wakaanza kumwita Daktari wa Dirishani. Alikana kwa mdomo, lakini uso ulikuwa unachanua. (Msomaji, usiruke.)

Kisha homa ikamshika Fundi mwenyewe.

Ilianza jioni, meno yakagongana. Kabla Sista hajamaliza kuwapima waliotangulia, Mama Pacha alikuwa ameshafungua kiberiti cha rangi mbili. Asubuhi Fundi aliamka amepoa, anatania. Mkewe akatazama huku na huku wodini kama mtu aliyefunga bao. Baada ya muda homa ikarudi. Akampa za njano. Ikapungua, ikarudi na nguvu mpya. Daktari wetu wa wodi, kijana mpole asiyejua lolote kuhusu kopo, akaandika sindano. Zikachomwa zote, homa ikabaki palepale. Akabadilisha sindano. Homa haikusikia.

Siku moja wakati wa kupita vitandani, Fundi alimkodolea macho Daktari, akamwambia kwa heshima zote, "Mteja wangu, nivumilie. Kochi lako litakuwa tayari Jumamosi. Springi ndizo zimenichelewesha." Tukacheka. Mama Pacha naye akacheka, akampiga mumewe kofi la mapenzi begani. Fundi akamgeukia, akamuuliza, "Na wewe mama, umekuja kuchukua kiti cha nani?"

Kicheko kilikatika wodi nzima mara moja. Hakuwa anatania. Hakumtambua mkewe.

Daktari alimpima, akawa anamtazama yule mama kwa upole ambao haukumpendeza hata kidogo. Akavuta kiti.

"Mama, vijidudu vinaelekea kwenye damu. Dawa zangu hazishiki na sielewi kwa nini. Kuna kitu chochote anakunywa zaidi ya hizi zetu?"

"Uji tu, Daktari."

"Uji tu?"

"Na maji."

Katika kitanda cha jirani, mchinja kuku alianza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mama Pacha alimtazama mumewe, ambaye alikuwa anapapasa ukingo wa shuka akitafuta mshono. Akapiga moyo konde. Alifungua kabati, akatoa kopo, akaliweka juu ya kitanda, na viberiti vyake vyote.

Daktari alifungua kimoja, akafungua cha pili. Akavifungua vyote mpaka cha mwisho.

"Nani kavipanga hivi?"

"Mimi. Kwa rangi."

"Vimepangwa vizuri," alisema, na sauti yake haikuwa na kejeli. Kisha akageuka ili sote tusikie. "Ndugu zangu, hizi dawa ukizimeza robo robo, vijidudu dhaifu vinakufa na vikorofi vinabaki. Vikorofi vinazaana. Halafu vinatembea na mikono yetu, kutoka mfuko wa huyu kwenda mpira wa yule. Nadhani humu wodini sasa tunaishi na vijidudu vilivyokwisha kuzoea kila rangi iliyomo kwenye viberiti hivi. Huo ndio unaitwa usugu wa dawa."

Mama Pacha aliuliza swali moja tu, kwa sauti ambayo siku hiyo haikufika hata mlangoni. "Kwa hiyo nimemuua baba watoto?"

"Hajafa, mama. Na usijibebeshe mzigo wote. Sisi nasi tunachoma sindano kwa kubahatisha, kwa sababu hapa hatuna pa kuangalia ni ipi inayofaa. Wewe umetumia rangi, mimi nimetumia mazoea. Nipate jibu la maabara nitampigania. Bila jibu, napigana gizani."

SANDUKU LA AISKRIMU

Maabara ya kuotesha vijidudu ilikuwa katika hospitali kubwa, mbali na hapa, Mheshimiwa unaijua barabara yenyewe. Chupa ya kwanza ya mkojo ilipelekwa na gari la mizigo. Ikakaa juani pamoja na mafurushi, ikafika imechemka. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: sampuli imeharibika, leteni nyingine. Wakati huo presha ya Fundi imeanza kushuka, amewekewa dripu mikono yote miwili, na watoto wake pacha wameletwa kumwona wakiwa wamevalishwa nguo za kutokea. Mtoto anajua maana ya nguo za kutokea siku isiyo ya sherehe.

Ndipo akajitokeza shemeji yake Mama Pacha, mdogo wake Fundi, muuza aiskrimu. Ana pikipiki yenye sanduku la barafu nyuma na kengele mbele. Ni mtu ambaye familia haijawahi kumtegemea kwa jambo la maana, na yeye mwenyewe anakubali.

"Shemeji," alimwambia, "mimi kazi yangu ni kufikisha kitu kabla hakijayeyuka. Nipe hiyo chupa."

Sista Mkuu wa wodi alitoa mpira wa zamani, akaweka mpya, akachukua mkojo wa mpira mpya, maana wa mfukoni ungetudanganya. Chupa ikafungwa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, ikazikwa kwenye barafu. Shemeji akaondoka. Kila mtaa aliopita watoto walimkimbilia, na kwa mara ya kwanza maishani aliwakimbia wateja. Alipofika kule, askari wa getini alitabasamu, akainua kichwa, akamuuliza leo kuna ladha gani.

"Ya kaka yangu," akajibu, akapita.

Kwa wateja wake waliopo hapa leo, kamati inathibitisha kwamba sanduku lile lilistaafishwa siku hiyo hiyo. Hili analouzia sasa ni jipya. Tumelikagua.

Aliyempokea kwenye dirisha la maabara ndiye Mtaalamu tunayemwombea, Mheshimiwa. Hakumwambia "weka hapo". Aligusa chupa, akaona bado ina baridi, akamwambia, "Umefanya kazi nzuri, kaka." Shemeji amelirudia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa tunalisikia usingizini. Akamwomba namba ya simu ya wodi. Akasema karatasi itafuata baadaye, yeye atapiga mwenyewe mara tu sahani zitakaposema.

Kuotesha vijidudu si kama kuchemsha chai. Lazima vilale, viamke, viwekewe dawa, visubiriwe tena. Katika kusubiri huko Mama Pacha hakuondoka pale kitini. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakiweka kwenye paji la uso la mumewe, akakitoa kikiwa cha moto. Alimuahidi Mungu mambo mengi, mengine yaliyo nje ya uwezo wake, kama vile kutogombana tena na mawifi. Mume akiweweseka kuhusu springi, mke anamjibu: ndiyo, zimefika, ziko stoo, usihangaike. Tuliokuwa vitandani tuligeukia ukutani ili asione macho yetu.

Simu ililia kwenye meza ya Sista. Daktari akaipokea amesimama, kalamu mkononi. Yule Mtaalamu alikuwa anamtajia dawa moja moja, naye anarudia kwa sauti, na hata sisi tusiojua majina tulielewa neno lililofuata kila jina.

"Imeshindwa. Naam. Imeshindwa. Na hiyo? Imeshindwa."

Mama Pacha alikuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika chuma kwa mikono miwili. Kila "imeshindwa" aliipokea kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Baadaye alituambia alikuwa anaona viberiti vyake vikifungwa kimoja baada ya kingine.

Kisha Daktari akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. Akasema, "Rudia, tafadhali." Akasema, "Inafanya kazi?" Akataja jina la dawa, na Sista Mkuu akaziba mdomo kwa mkono.

Dawa hiyo ilikuwamo humu humu hospitalini, Mheshimiwa. Ni sindano ya zamani, iko kwenye rafu ya juu ya stoo yetu ya dawa. Haitumiki kwa kubahatisha kwa sababu isipochungwa inaumiza figo na masikio, kwa hiyo hakuna daktari mwenye akili timamu anayeichoma bila uhakika. Uzima wa Fundi ulikuwa hatua chache kutoka kitandani kwake muda wote ule. Tulichokosa ni jicho la kutuambia tunyooshe mkono wapi.

Sista hakutembea kwenda stoo, alikimbia, na kandambili moja ikabaki njiani.

Fundi alichomwa, figo zikawa zinapimwa, sindano zikahesabiwa kwa uangalifu. Siku iliyofuata homa ikalegea. Iliyofuata tena, asubuhi, alifumbua macho, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, akakunja uso.

"Mama Pacha, mbona umekonda hivyo? Ulikuwa unaumwa?"

Alimjibu kwamba hajambo. Akamwambia anakwenda mara moja kuchukua maji. Alifika kwenye korido ya kufulia mashuka, akakaa chini sakafuni, akalia na kucheka kwa wakati mmoja mpaka wafuaji wakamletea kiti. (Katibu anashuhudia kwamba msomaji amesoma sehemu hii bila kuruka. Ahsante, mama.)

MAFANIKIO

Fundi alifanyiwa upasuaji baadaye, mpira ukatolewa. Yuko hapa, mstari wa pili, shati la bluu. Ukiona kiti chake kitupu wakati wa hotuba yako usidhani amekudharau, amekwenda haja ndogo. Anakwenda kwa miguu yake, bila mpira, na kila anapokwenda sisi wa Wodi ya Nne tunashusha pumzi. Tangu shughuli hii ianze ameshakwenda mara mbili. Tunaomba makofi.

Kopo halipo tena. Mama Pacha alilipeleka kwa mikono yake kwenye dirisha la dawa, likaharibiwa kitaalamu pamoja na viberiti vyake. Anayeondoka wodini bado anatuachia sabuni na kandambili, lakini dawa yake anaimaliza mwenyewe, na ikibaki inarudi dirishani. Kila mfuko wa mkojo una chombo chake cha kumwagia. Kila asubuhi Sista anasimama kitandani na kuuliza, "Mpira huu bado unahitajika?" Mgonjwa naye ana haki ya kumkumbusha asipouliza. Wengi sasa wanakaa na mpira siku chache tu.

Na homa zimepungua. Hilo hatukutegemea kulisema mapema hivi, na tukilisema tunagusa mbao, zisitusikie zikarudi.

CHANGAMOTO

Ipo moja, tumeiongeza kwenye risala asubuhi hii, nayo imelala kitanda cha dirishani.

Ni kinyozi, kijana bado. Alivunjika nyonga, akawekewa mpira kwa sababu hawezi kuinuka. Tangu juzi anatetemeka. Daktari ameanza na dawa ambayo anadhani inafaa, na anasema wazi kwamba anadhani tu. Mliposhuka garini, wakati sisi tunamalizia kupanga viti, Mtaalamu hakunywa hata chai. Alipanda wodini, akachukua mkojo wa Kinyozi, akaingia kwenye chumba kipya kabla ya utepe kukatwa. Mheshimiwa, tunakuomba radhi kwa hilo: utepe ulinyanyuliwa, akapita chini yake. Sahani za Kinyozi ndizo za kwanza katika kabati lile, na kuanzia kesho zitakuwa na la kusema.

Swali ni nani atazisoma. Tuna vijana wawili wazuri wa maabara. Malaria wanaijua, damu wanaijua. Tuliwauliza, wakatujibu kama wanaume: "Kuota tutaona zimeota. Kuzisoma bado. Tukisema uongo, tutaua mtu." Tunawashukuru kwa kusema bila kupepesa macho.

MAOMBI

Hatuombi jengo. Hatuombi gari. Rangi ya kuta tutapaka wenyewe, na viti vya maabara Fundi ameshaviahidi.

Tunaomba Mtaalamu abaki mpaka vijana wetu wawili waweze kusoma sahani bila yeye kusimama nyuma yao. Tulimuuliza mwenyewe kama angependa. Alisema yeye ni mtumishi, anakwenda anakoandikiwa. Hakusema kwamba hapendi. Chumba cha kulala Sista Mkuu amekwisha kukifagia na kutandika. Begi lake limo ndani ya gari lako, upande wa nyuma, na hatujaligusa, ingawa kwenye kikao cha kamati wapo waliopendekeza.

Hospitali kubwa wana wengine wenye ujuzi wake, tumeulizia. Hapa, bila yeye, chumba ulichokuja kukifungua kitabaki na friji inayonguruma na kabati lenye joto.

*Maneno yafuatayo hayakuwamo kwenye risala. Msomaji alishusha karatasi na kusema yake mwenyewe, na katibu ameyaandika yalivyotoka:*

"Mheshimiwa, samahani, hapa naongea mwenyewe. Mimi niliisubiri ile simu. Najua inavyokuwa. Lakini mimi nilikuwa na uhakika kwamba upande wa pili kuna mtu anaziangalia zile sahani. Ningejua hakuna mtu, sijui ningeshika nini. Mama yake Kinyozi huyu hapa, mstari wa mbele, mwenye mtandio wa kijani. Ameshaniuliza mara tatu leo: dada, kesho watatuambia? Nimemjibu ndiyo. Nimemjibu kabla sijajua. Kama nimemdanganya, naomba wewe ndiye umwambie, mimi siwezi."

*Baraka zilichelewa kusomwa. Mgeni rasmi aliinuka, akatoka mezani, akaenda kumwinamia mwenye mtandio wa kijani na kumwambia neno ambalo sisi wa nyuma hatukulisikia. Tulimsikia mama yule akisema, "Ahsante, baba," mara nyingi. Kisha dereva akaitwa, akaenda kwenye gari, na tukamwona anashusha begi. Mama Pacha alijaribu kuendelea kusoma na sauti ikamkatalia, kwa hiyo baraka zimesomwa na katibu:*

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwako, Mheshimiwa, akupe afya, na usiku wako uwe wa usingizi mzito usiokatizwa na maumivu yoyote. Awape wagonjwa wetu dawa inayofanya kazi na mtu wa kuitambua. Ambariki Mtaalamu wetu kwa kubaki.

Ni sisi,
Umoja wa Waliolazwa na Waliouguza Wodi ya Nne.